Nyuma ya Mgongo wa Muuza Mkate

Presha ya macho ilinila polepole. Kwa muda mrefu nilidhani ni ule mwanga wa kuchomelea tu, kwa maana nilikuwa fundi wa mageti na madirisha huko Kware, na fundi wa kuchomelea hashangai macho yakimuuma. Nilipofika hospitali daktari aliniambia kwamba kilichopotea hakirudi, tujaribu kulinda kilichobaki. Kilichobaki nacho kikaisha. Nikawa mtu wa kukaa. Asubuhi nilikaa kwenye kochi, na jua likizunguka nilikaa kwenye ngazi za ghorofa yetu ya nne, nikiusikiliza mtaa wetu wa Pipeline. Nyumba zetu zimesongamana hivi kwamba mtu wa ploti ya pili akikohoa, mke wangu humwambia pole kupitia dirishani.

Mwanamume ninayetaka kusimulia habari zake alikaa ghorofa ya sita, yeye na mkewe. Alikuwa muuza mkate. Kila alfajiri alichukua kreti za mikate kiwandani, akazifunga nyuma ya baiskeli na kusambaza mikate kwenye vibanda vya Mukuru kwa Njenga. Nilimjua kwa harufu kabla hajafungua mdomo: mkate wa moto na mafuta ya mnyororo.

"Niaje, fundi?"

"Poa, ndugu yangu. Mikate imeisha?"

"Imebaki mmoja uliolaliwa na wenzake. Shika."

Wengine wakipita pale kwenye ngazi walinipunguzia sauti, kana kwamba kuna mgonjwa amelala. Yeye hakuwahi.

Siku moja, akiwa na kreti zote nyuma, aliwapita waendesha baiskeli wa Jumapili, wale wenye helmeti na suruali za kubana. Walimfuata mpaka alipopakua mzigo, wakataka kumjua. Wakamwambia wanapanga safari ya kwenda Mombasa kwa baiskeli, siku nne, kuchangia shule ya watoto wenye ulemavu ipate viti vya magurudumu na miguu ya bandia. Walikuwa pia na baiskeli ya watu wawili, dereva mbele na mwenzake nyuma, na walitaka mtu asiyeona aikalie. Hawakutaka walemavu wawe wa kuzungumziwa tu. Yeye akawaambia anaye mtu.

Alikuja kunigongea mlango jioni hiyo hiyo.

"Fundi, umewahi kufika Mombasa?"

"Sijawahi."

"Basi tunaenda. Mimi mbele, wewe nyuma."

Mke wangu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kwa baiskeli? Na haya malori ya hiyo barabara?" Mimi nilikuwa tayari nimesimama.

Tulifanya mazoezi Jumapili alfajiri, kabla magari hayajaamka. Mwanzoni niliogopa kiasi cha kuuma ulimi. Baiskeli ile ni ndefu, na mtu wa nyuma hana usukani wala breki. Ana vyuma viwili tu vya kushikilia ambavyo havigeuki. Dereva akiinama, unainama. Yeye alinifundisha maneno machache. Akisema "shimo", niinue makalio. "Mlima", nikanyage. "Pumzika", niache miguu itulie. Kati ya maneno hayo alinieleza anachokiona, si kwa mapambo, kama mtu anayesoma orodha: kuna mbuzi watatu, kuna mama anafagia, kuna jengo jipya halina madirisha. Nilimwambia wakiyatafuta madirisha wanijie mimi. Tulicheka karibu tuanguke. Nilirudi nyumbani miguu ikitetemeka, na mke wangu akasema nimeanza tena kula kama mtu wa kazi.

Siku ya kuondoka tulipewa fulana. Mama aliyeongoza msafara alikuwa na sauti ya kukwaruza na kipaza sauti. Alinitambulisha: ndugu yetu haoni lakini hajakata tamaa. Watu wakapiga makofi. Nilifurahi, sitasema uongo, ingawa pia nilijihisi kama geti linaloonyeshwa mteja.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Tulipita vumbi la saruji la Athi River, tukapanda na kushuka miteremko ya Salama, upepo ukiingia mdomoni hadi nikasahau umri wangu. Jioni tulifika Emali, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa juu ya magodoro. Kulikuwa na nyama, kulikuwa na nyimbo.

Alfajiri niliamka nikamsikia mtu akitapika nyuma ya ukumbi. Niliufuata ukuta kwa mkono mpaka nikafika.

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Alitema mate. "Ni ile nyama tu. Tumbo limenisumbua tangu usiku."

"Tuwaambie?"

"Tukiwaambia watatupakia kwa gari. Wewe unataka kufika Mombasa ndani ya gari, fundi?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka. Miaka yote ile kwenye ngazi hakuna mtu aliyenipeleka popote isipokuwa kliniki na kanisani, na sasa Mombasa ilikuwa mbele yangu, siku tatu tu. Nilimwambia anywe maji mengi, nikajiona nimefanya wajibu wangu.

Kufika Makindu jua lilikuwa limeshakaa kichwani. Tulikuwa wa mwisho. Gari la msaada lilikuwa likitambaa nyuma yetu, lakini likaitwa mbele ambako watu wawili walikuwa wamegongana na mmoja ameumia bega. Dereva wa gari alishusha kioo akauliza kama tuko sawa. Mwenzangu akainua mkono. Niliuhisi mwili wake ukipinda. "Tuko sawa, nenda." Gari likaenda.

Baada ya hapo alinyamaza. Hakutaja mbuzi, hakutaja miti. Nilimuuliza anaona nini akanijibu, "Mikate." Nilidhani ni mzaha. Kisha akasema, "Waambie mikate imelowa," kwa sauti nzito, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Baiskeli ikaanza kuyumba. Lori likatupita na upepo wake ukatusukuma, nikapaza sauti, "Simama! Shika breki!" Hakushika. Tulitoka kwenye lami, magurudumu yakakwaruza changarawe, tukaanguka.

Niliinuka na magoti yangu yakivuja damu. Nikamtafuta kwa mikono. Niliipata baiskeli kwanza, kisha kiatu, nikaufuata mguu wake kwa mkono hadi kifuani. Alikuwa wa moto kama chuma kilichotoka kuchomelewa, na ngozi yake ilikuwa kavu. Alikuwa anapumua kwa kukoroma. Nilimwita. Nilimpiga makofi ya shavu. Nilimmiminia maji yaliyobaki kwenye chupa yangu, yalikuwa kama mdomo mmoja.

Simu yangu ya kubonyeza ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa ndani ya gari. Yake niliipata mfukoni mwake. Ilikuwa ya kioo, laini kila mahali, haina hata kitufe kimoja cha mtu kushika. Nilipapasa kioo kile, nikakibonyeza, nikakisugua, simu ikatetemeka mkononi mwangu kunikataa. Nikaiongelesha. Nikaiambia, "Pigia mtu. Tafadhali, pigia mtu yeyote."

Barabara nilikuwa naisikia, lakini sikujua iko hatua ngapi. Niliogopa nikienda kusimamisha magari sitampata tena. Kwa hiyo niliiburuta baiskeli, nikaweka gurudumu la nyuma miguuni pake na la mbele kuelekea kwenye kelele, nikaishika kama ukuta, nikaenda hadi mwisho wake na kupunga mikono. Magari yalipita. Matrela yalinipigia honi. Pengine waliona mtu wa fulana ya rangi anawashangilia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikarudi kumshika kifua kama bado kinapanda, nikaenda tena kupunga. Sijui nilienda mara ngapi. Kila niliporudi pumzi yake ilikuwa fupi zaidi. Mara moja nilikaa chini kando yake, nikakiweka kivuli changu juu yake, halafu nikagundua kwamba sijui kivuli changu kinaangukia wapi.

Aliyetupata ni mwanamke aliyekuwa akitoka kuchota maji na punda wake. Nilisikia kwato, kisha, "Wuui! Huyu amekufa?"

"Hajafa, mama. Nisaidie, mimi sioni."

Hakuuliza la pili. Nilisikia mtungi ukifunguliwa na maji yakimwagika juu yake, mengi, maji ambayo alikuwa ameyafuata kwa mwendo wa nusu siku. Kisha akaenda akasimama katikati ya barabara, ndivyo alivyoniambia baadaye, akafungua leso yake ya kiunoni na kuitandaza, na lori likafunga breki.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi nisilojua lilikotazama. Nesi alikuja akauliza, "Nani yuko na mgonjwa?"

"Mimi."

"Hakuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine mpaka yule mama wa msafara alipofika, akihema, akiomba msamaha kwa kila mtu. Kuanzia hapo daktari alizungumza naye yeye. Nilisikia vipande: joto limepanda hadi kichwani, figo, tumpeleke Nairobi. Nilisimama nikaelekeza uso wangu kwenye sauti ya daktari, nikasema, "Alitapika asubuhi." Daktari akanijibu, "Sawa, mzee, keti tu." Nikaketi.

Mkewe tulikutana naye hospitali ya Nairobi, mumewe alipoletwa kwenye kitanda cha magurudumu. Hakulia kwa sauti. Alinishika mkono akakaa nami, na hilo lilinitesa zaidi. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia.

"Mama, nilijua anaumwa. Nilimsikia akitapika Emali, akasema ni nyama, nikanyamaza. Nilitaka kufika."

Hakuuondoa mkono wake juu ya wangu.

"Alitoka nyumbani akiwa anaharisha," akasema. "Nilimwona. Nilimpa ndizi na chumvi nikamwambia aende, kwa sababu alikuwa amewaambia watu wote wa Mukuru kwamba anaenda. Ile nyama ni uongo wake tu."

Sijui kama tuligawana lile kosa au kama kila mmoja alibaki na lake zima.

Msafara ulifika Mombasa. Shule ilipata viti vyake, na nilifurahi kwa ajili ya watoto wale, furaha yenye mawe ndani. Mama wa msafara alikuja Pipeline mara mbili, akapanda ghorofa zote sita, akaleta unga na sukari, akahangaikia matibabu. Si mtu mbaya. Alilia kwenye korido, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Mwenzangu aliamka. Walisema tumshukuru Mungu, na tulishukuru. Lakini lile joto lilikuwa limechoma kitu ndani ya kichwa. Miguu ina nguvu, haina mizani. Anatembea akiupapasa ukuta, na ukimwondolea ukuta anaanguka. Maneno yake yanatoka moja moja, mazito, kila moja kama limeinuliwa kutoka kisimani. Daktari alisema huenda atapata nafuu, huenda asipate. Mwaka umepita.

Sasa mkewe ndiye anayesambaza mikate. Baiskeli hawezi, kwa hiyo anabeba kwa mikono, anakwenda vibanda vichache vya karibu na kurudi tena kwa awamu ya pili. Kabla ya kutoka anamteremsha mumewe hadi kwetu, ghorofa mbili chini, hatua kwa hatua. Inawachukua muda hivi kwamba majirani wanaokwenda kazini wanasimama nyuma yao wakingoja. Anamketisha kwenye kochi letu, ananisalimia, "Mzee, nimekuletea mwenzako," na kushuka.

Tunakaa. Redio inasema, sisi tunasikiliza. Mke wangu yuko chini kwenye kibanda chake cha mboga, anapanda mara mbili kutuletea chai. Mwenzangu akitaka kusema kitu, nasikia kwanza kochi likilia, kisha pumzi. Mwanzoni nilikuwa namalizia sentensi zake. Alikasirika, akapiga meza. Siku hizi nasubiri.

Juzi kulikuwa na mvua na umeme ukapotea, redio ikanyamaza. Nikasikia kochi likilia.

"Fundi."

"Naam."

"Pale... barabarani." Akapumua. "Wewe... uli..."

Nilisubiri. Nilisikia maji yakitiririka ukutani na watoto wakikimbia kwenye ngazi, na yeye akilitafuta lile neno, akilikaribia, likimkimbia. Niliogopa neno litakalokuja, nikaogopa pia lisije. Ndipo mlango ukafunguliwa na mkewe akaingia akiwa amelowa, akilalamika mikate imeshika maji, akaanza kumfunga koti amrudishe juu.

Nilimsikia mwenzangu akinyanyuka. Nilisikia kiganja chake kikianza kuupapasa ukuta, kwenye korido, kisha kwenye ngazi. Ningeweza kumwita nikamuuliza alitaka kusema nini. Bado sijamuuliza.