Ekee Sita za Nyamusi

Binti yangu Nyamusi alirudi nyumbani Marani mwaka jana kutoka chuoni, akakaa miezi bila kusema neno. Kilichomtoa kitandani ni kufuma ekee, vile vikapu vyetu vya ugali wa wimbi. Kwa hivyo Orpah wa Nyansiongo alipomwagiza ekee nane za harusi ya mwanawe, nilifurahi huku nikiogopa.

Orpah ana mabinti wanane, na kila mmoja huangalia mwenzake amepewa nini. Kwa hiyo alitaka kila ekee iwe na mistari minne, nyeupe, nyeusi, nyekundu na kijani, lakini mpangilio usirudiwe. Nyamusi alihesabu akasema rangi nne hupangika kwa njia ishirini na nne. Tukakubali.

Kisha Orpah akapiga simu: nyeupe iwe juu kuliko nyeusi kwa kila ekee, hata kama hazigusani. "Furaha itangulie, mama." Baadaye akapiga tena: nyekundu na kijani zisigusane. "Harusi si taa za trafiki!" Tulicheka. Hakuna aliyehesabu upya.

Ekee sita zilitoka vizuri, tukazitundika ukutani. Ya saba Nyamusi aliifuma nusu, akaifumua. Akafuma tena, akafumua. Nikamkuta mkekani na vipande vinne vya uzi, akivipanga na kuvipangua huku midomo ikitembea. Mimi niliishia darasa la sita, lakini macho ninayo. Kila mpangilio uliofuata masharti ulikuwa tayari ukutani. Kila uliokosekana ukutani ulivunja sharti.

"Nimwombe Orpah aondoe sharti moja?"

"Usipige, mama. Atasema kichwa changu kimeharibika tena."

Jumapili Orpah akaja mwenyewe.

"Binti yangu, mbona ni sita?"

"Zaidi ya sita hakuna. Jaribu wewe."

Orpah akachuchumaa, akapanga nyuzi. "Si hii hapa!"

Nyamusi akamwonyesha ekee ya tatu ukutani, ni ile ile. Orpah akapanga tena.

"Haya, hii."

"Nyekundu imegusa kijani."

Orpah akacheka, akasimama akijipangusa magoti. "Umechoka tu. Mbili zilizobaki nitampa mfumaji wa Keroka."

"Hata yeye hataweza."

Orpah akanivuta kando. "Mpumzishe mtoto, Mama Nyamusi," akasema kwa ile sauti ya chini ya kuongelea wagonjwa.

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto ni mzima, na anachosema ni kweli. Lakini angeniuliza ni kweli kwa nini, na mimi ningesema nini? Nikamsaidia kubeba ekee hadi kwenye gari.

Niliporudi, Nyamusi alikuwa bado mkekani.

"Mama, nawe uliona? Ni sita?"

"Ni sita, mama yangu."

"Kwa nini hukumwambia?"

Nikainama kuokota vipande vya uzi. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimwita chakula kilipoiva. Nikamwita tena.