Shikamoo, Kompyuta

Konsolata alikuwa mwalimu mwenye mdomo, na mdomo huo ndio uliotaka kumponza. Mtu wa Tumati huyo, mtoto wa wakulima, akapangiwa shule ya msingi huko Gendabi, wilayani Hanang, miaka ile mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga na kila duka la Katesh limeanza kuuza simu. Akakabidhiwa chumba kimoja: upande huu rafu za vitabu, upande ule kompyuta kuukuu ambazo chuo kimoja cha Arusha kilizigawa kiliponunua mpya. Umeme wake ulikuwa wa sola, na sola yenyewe ikiona wingu tu, inasusa.

Alikipenda chumba kile, jamani, mpaka walimu wenzake wakamcheka. Alipokuwa mdogo kule Tumati, vitabu vya hadithi vya shule yao vilikaa kwenye kabati la kufuli, watoto wakaishia kuvichungulia kupitia kioo. Alimaliza darasa la saba hajagusa hata kimoja, na jambo hilo lilimuuma hadi ukubwani. Basi akaapa kwamba chumba chake hakitakuwa cha kuchungulia. Mtoto anawe mikono, avue viatu mlangoni, aingie aguse.

Wee! Darasa la pili waliambiwa waguse, wakagusa kweli. Walizitwanga zile kibodi kama wanatwanga mahindi. Konsolata akapandisha sauti.

"Nyie! Hizi kompyuta zilikuwa kazini Arusha ninyi hamjazaliwa. Ni wakubwa zenu hizi! Kwenu mnamrukia mkubwa hivyo?"

Watoto wakanywea. Brightness, msichana mdogo kuliko wote darasani, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni wakubwa kweli, mwalimu?"

"Kweli kabisa. Heshima mbele."

Vurugu ikaisha palepale, naye akajiona amepatia. Kumbe!

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu, Maximilian, akamletea habari mbaya. Kamati ya shule ilikuwa inakitaka chumba. Mahindi ya uji wa watoto yananyeshewa, panya nao hawana huruma, na Mzee Gidabuday, mwenyekiti wa kamati, amesema wazi kwamba kompyuta hailiwi.

"Wanakuja Ijumaa," alisema Maximilian. "Wakiwaona wadogo wanazitumia, chumba ni chako. Wasipowaona, Jumatatu tunaingiza magunia."

Konsolata alitaka kuwafanyisha watoto mazoezi kila siku, lakini mawingu yakaushika mlima Hanang, sola ikasusa, wakabaki na vitabu tu. Hata hivyo alijipa moyo. Watoto wale walishajua kuandika maneno wanayoyapenda. Aliwafundisha mwenyewe, herufi mojamoja.

Ijumaa jua likawaka. Mzee Gidabuday akafika na fimbo yake na shuka begani, mfugaji hasa, wanakamati na mwalimu mkuu nyuma yake. Akavua viatu mlangoni akinung'unika.

"Shikamoo, mzee," Konsolata akamwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, mtoto huanza na ndama, haanzi na fahali. Hawa wadogo watafanya nini na hivi vitu?"

"Subiri uone, mzee."

Watoto wakaingia kwa mstari, miguu peku, wakawaamkia wageni, kila mmoja akasimama mbele ya kompyuta yake. Kisha wote kwa pamoja wakainamisha vichwa: "Shikamoo, kompyuta!"

Wakabaki wamesimama, mikono nyuma, wanangoja.

"Kaeni, wanangu, muanze," alisema Konsolata. Wapi! Hakuna aliyekaa.

"Mwalimu," Brightness akanong'ona, "haijaitika."

Konsolata alitamani ardhi ipasuke. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwachi mkubwa kabla hajaitikiwa. Hilo watoto wale walilijua kabla ya kujua a, e, i, o, u. Na nani aliwaambia kompyuta ni wakubwa zao? Sasa aseme aliwadanganya, mbele ya kamati nzima?

"Naitika mimi," akajaribu. "Marahaba!"

"Wewe tumeshakuamkia asubuhi, mwalimu," akasema Brightness.

Mwalimu mkuu akashika kiuno. Mwanakamati mmoja alikuwa ameanza kuutazama ukuta, anapima kwa macho magunia yatakaa wapi. Watoto, wakidhani labda hazijasikia, wakapaza sauti: "Shikamoo, kompyuta!"

Aliyeshindwa kuvumilia ni Mzee Gidabuday. Mzee yule aliweza kuvumilia ukame, akavumilia na fisi, lakini shikamoo ya mtoto kuachwa hewani, hapana. Akagonga fimbo sakafuni.

"Adabu gani hii? Watoto wanaamkia, hakuna wa kuitika?" Akaigeukia kompyuta ya Brightness kwa ghadhabu kabisa. "Nani mkubwa humu ndani? Si mimi? Basi naitika kwa niaba yake. Marahaba, wajukuu! Kaeni!"

Wakakaa. Vidole vikaanza kutafuta herufi, taratibu, bila kutwanga. Konsolata alisimama kando ya rafu amebana midomo, maana siku hiyo alikuwa hauamini tena mdomo wake. Mzee akasogea nyuma ya Brightness. Hakujua kusoma, lakini aliziona alama zikijitokeza moja baada ya nyingine.

"Imeandika nini hii?"

"Inakuamkia, babu. Si umesema wewe ndiye mkubwa? Inasema, Shikamoo babu."

Mzee Gidabuday akakitazama kile kioo cha kompyuta. Akakohoa.

"Marahaba," akasema, safari hii kwa upole.

"Kwa hiyo, mzee," Maximilian akauliza, "Jumatatu tulete magunia?"

"We Maximilian! Mtu ameshakuamkia, umemwitikia, halafu umtoe nje? Kwenu ndivyo mnavyofanya? Mahindi yaleteni kwangu. Nitahamisha ndama."

Konsolata alicheka huku machozi yanamtoka. Alikaa na chumba kile miaka mingi, na hakupata kuwaambia watoto ukweli kuhusu kompyuta. Kila mwaka darasa jipya lilivua viatu mlangoni, likainamisha vichwa, likaamkia, naye akapaza sauti kutoka kwenye rafu za vitabu, "Babu Gidabuday ameshaitika! Kaeni!"