Maji ya Mawese, Kijito na Mama Mkwe

Mawese mazuri hayanuki. Kinachonuka ni maji yanayobaki baada ya kuyakamua. Mashine yangu ya mkono ilikuwa kando ya kijito, nje kidogo ya mji wa Baraka, kati ya mashine za wenzangu wawili, mmoja juu yangu na mwingine chini. Sote tulichemsha chikichi katika mapipa, tukazitwanga, tukazikamua, kisha uchafu wote tukaumwaga kijitoni. Kijito kilibeba bila kudai chochote, na mfanyabiashara asiyedaiwa huwa hana haraka ya kuuliza maswali.

Waliodai walikuwa bamama, wanawake wa kule chini karibu na ziwa. Huko, kijito hichohicho kilijaza madimbwi yao ya kulowekea mihogo. Inakaa majini mpaka uchungu utoke, kisha inaanikwa na kutwangwa unga. Msimu ule ilitoka na rangi ya njano na utando wa mafuta. Walipoupandisha unga hadi soko la Fizi, wanunuzi waliunusa wakaurudisha. Karani mmoja aliwauliza kama siku hizi ugali wa Baraka unauzwa ukiwa na mboga yake ndani.

Basi bamama wakafuata kijito kumtafuta mwenye kosa. Jirani wa chini alininyooshea mimi kidole. Mimi nikamnyooshea wa juu. Wa juu, kwa kuwa hakuwa na mtu juu yake, alionyesha milima, akasema ni mvua. Bamama hawakutukana mtu. Walirudi kwao, na kesho yake hakuna hata mmoja aliyekuja kubeba.

Hao ndio waliokuwa wakituletea mikungu ya chikichi kutoka mashambani, migongoni mwao. Na chikichi iliyokatwa haingoji; ikilala sana mafuta yake yanakwaruza koo. Mfanyabiashara mmoja wa Fizi alikuwa ameniagiza madebe ya kujaza kamyo, lori zima, na alikuwa na tabia ya kuonja kila debe kwa kidole. Nilikwenda shambani nikaihesabu mikungu iliyolala chini. Nikaihesabu tena, haikupungua. Kamyo ikiondoka bila mafuta yangu, agizo lingekwenda kwa watu wa Kazimia, na mashine ningeiuza kama chuma chakavu.

Kwa kupatana sikuwa na wasiwasi. Wauza samaki wa Baraka waliponiona nakuja walipandisha bei kwanza, wapate pa kushukia. Tatizo ni kwamba aliyewaongoza bamama alikuwa mama mkwe wangu, na kwetu mtu hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Akitokea njiani, unapinda. Neno lako kwake linapita kwa mtu mwingine. Kwa hiyo walipokuja kwangu kupatana, nilikaa ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa matete. Yeye na wenzake wakakaa nje. Na mlangoni akasimama mke wangu, apeleke maneno huku na huku.

“Umwambie mama,” nilianza, “nitaongeza kikombe kimoja cha mawese kwa kila mzigo.”

Mke wangu akageuka. “Mama, anasema ataongeza vikombe viwili.”

“Sikusema viwili.”

“Ulisema mbio mbio,” akanijibu, bila kunitazama.

Sauti ya mama mkwe ikatoka nje. “Umwambie mukwe wangu, mafuta tuko nayo. Inatoka mu mihogo yetu, bure.”

Bamama wakacheka, na walicheka kwa muda.

“Muulize wanataka nini.”

“Mama, anauliza munataka nini. Na anaomba musamaha juu ya kile kidole.”

Sikuwa nimeomba kitu. Lakini hata kukanusha kungepita kwa huyohuyo mke wangu.

“Uchafu isiingie tena mu muto,” mama mkwe akasema. “Achimbe shimo, mbali na maji. Muntu wa hesabu, apime mara mbili. Na kokwa ni zetu.”

Hapo aliniuma. Kokwa za chikichi, zinazobaki baada ya kukamua, nilikuwa nawauzia wachuuzi kwa magunia.

“Nusu ya kokwa,” nikasema.

“Mama, anasema zote, ila mupasue wenyewe.”

“We, bibi, uko upande gani?”

“Mi niko mu mulango.”

Shimo nililichimba siku ileile pamoja na vijana wangu wa mashine. Jioni mama mkwe alituma bamama wawili kulikagua. Walilizunguka, wakapima kwa hatua kutoka shimoni mpaka majini, wakarudia, wakaondoka. Alfajiri mizigo ya kwanza ilikuwa imeshatuliwa mbele ya mashine. Mikungu iliyokwisha chacha niliitenga, mafuta yake yakaenda kwa wapika sabuni. Mengine yaliiwahi kamyo, na yule bwana wa Fizi alionja kila debe na hakutema.

Ambacho sikukitarajia ni makapi ya chikichi zilizokamuliwa. Kwa kuwa hayakuwa na kijito cha kwenda, yalikauka juani karibu na shimo, na siku moja kijana aliyachochea chini ya pipa. Yaliwaka kuliko kuni. Miti ya kilima cha nyuma, tuliyokuwa tunaikata kila wiki, tukaiacha. Nilipiga hesabu ya kuni, nikairudia kwa kuwa sikuiamini. Shimo nililobanwa kulichimba lilikuwa linanilipa.

Wenzangu wawili walilicheka shimo langu, mpaka walipoona bamama wanazidi kukataa kuwabebea wao. Wakachimba.

Mihogo ikatoka myeupe. Agizo la pili lilipokuja, kamyo ilipanda Fizi na madebe yangu pamoja na unga wao. Mama mkwe alikaa mbele na dereva, wenzake na mke wangu wakakaa juu ya magunia, nami nikatafuta nafasi katikati ya madebe. Sokoni nilisimama kupatana na yule bwana, ambaye safari hii alitaka zaidi na kwa bei nzuri, na sikuona sababu ya kukubali haraka. Nilipogeuka, magunia ya unga yalikuwa matupu, yamekunjwa, na bamama wote wamekwisha panda.

Mke wangu aliniita kutoka juu. “Mama anauliza, mbona we unachelewesha gari?”