Nilimpikia baba mkwe chakula cha kwenye tamthilia, meza ikaishia katikati ya mlango

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya, nacheka na nyuzi zenu halafu naenda kulala. Leo nimeona nami nilete ya kwangu. Hii siyo chai, ni mambo ya ndani ya nyumba yangu, na mume wangu anajua naandika.

Kaeni mkao wa kula.

Mimi ni Msubi wa Bisibo, Biharamulo. Nimeolewa Ntobeye huku Ngara, kwa Wahangaza. Mume wangu, Baba Neema, ana kibanda cha vipuri Benaco. Anatoka asubuhi, anarudi Mzee ameshalala. Mchana kutwa tunabaki mimi, Neema ambaye bado ananyonya, na huyo Mzee, baba mkwe wangu.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Baada ya matanga tukamleta Mzee kwetu, tukampa chumba ambacho mlango wake unafungukia sebuleni.

Sasa kwa wasiojua mila za huku: baba mkwe hali mbele ya mke wa mwanawe. Tunasalimiana vizuri tu, shikamoo, marahaba, tunaongea habari za mvua na mbuzi. Chakula kikija, kila mtu na kwake. Kwetu Bisibo nako ni hivyo hivyo, kwa hiyo sikuona ajabu. Kazi yangu ilikuwa kuweka sinia kwenye kigoda mlangoni kwake, kugonga, na kuondoka.

Na sinia lilikuwa linarudi karibu kama lilivyokwenda.

Nikabadilisha. Ndizi na maharage, analamba kidogo. Ugali wa muhogo na dagaa, anamega tonge mbili. Suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Tukampeleka zahanati, wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa, ale tu.

Ale tu! Jamani, kama ingekuwa rahisi hivyo ningeenda zahanati kufanya nini?

Niliogopa, wakuu. Tulikuwa tumetoka kuzika, na niliona kabisa tunaelekea kuzika tena. Na huku kwetu mzee akikondea mikononi mwa mke wa mtoto, mnajua wenyewe maneno yatakavyopita kisimani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamchangamsha: TV.

Kuna tamthilia moja ya familia, ya maisha ya miaka ya sabini. Jina naliacha. Vitambaa vya kufuma kwenye makochi, redio ya mbao, sahani za bati zenye maua. Mimi naangalia nikiwa ndani na mtoto, Mzee anakaa benchi la barazani, TV tumeigeuzia mlangoni ili naye aone. Kila sehemu inaishia kwenye chakula cha jioni. Familia nzima kwenye meza moja, babu, wakwe, wajukuu, wanapakuliana na kutaniana. Kuku mzima katikati, viazi vya kuponda, na mwisho bakuli la kitu cha njano.

Siku moja Mzee akaniuliza kutoka nje, "Mama Neema, hicho cha njano ni nini?"

Nikamwambia ni kastadi, Baba.

Akasema, "Wanakipenda sana."

Wakuu, mtu ambaye kwa miezi hajauliza habari ya chakula, ameuliza! Nikasema hapa hapa. Jumapili nampikia kila kilichopo kwenye ile meza, nione.

Unga wa kastadi niliupata Ngara mjini, kopo limekaa dukani hadi limechubuka. Sahani za maua niliazima kwa jirani, mama mmoja ambaye hajawahi kuzitoa kabatini tangu aolewe. Vitambaa vya kufuma navyo vyake.

Kuku wa kuchoma mzima bila oveni ni shughuli. Nilimpaka kitunguu saumu, limao na chumvi, nikamweka kwenye sufuria kavu, makaa chini kidogo, makaa mengi juu ya mfuniko. Wale wa mjini mtacheka, ila ngozi ilitoka ya kahawia, inapasuka ukigusa. Kastadi ya kwanza iliganda mabonge, nikawapa kuku waliobaki hai. Ya pili nilikoroga unga na maziwa ya baridi kwanza, ikakubali. Nikakatia ndizi mbivu juu.

Jioni nikaandaa meza sebuleni. Kitambaa, sahani, birika. Na kiti cha mwisho kabisa mwa meza, pale anapokaa babu wa kwenye TV, nikakiweka kwa ajili ya Mzee.

Ndiyo, najua mnachotaka kusema. Mila niliijua. Ila nilijidanganya kwamba mtu anayeangalia wakwe wanakula pamoja kila wiki huku anacheka, basi ameshakubali.

Baba Neema akamwita. Mzee akatoka amevaa koti lake la kanisani. Akaona meza, akaona kile kiti, kisha akaona sahani yangu. Akasimama pale pale.

"Mama Neema, asante sana," akasema taratibu. "Kuleni, wanangu."

Akarudi chumbani, akafunga mlango.

Mume wangu akanigeukia. "Ulidhani Baba ni mtu wa kwenye TV?"

Weee! Nilipandwa na hasira, nilitaka kuchukua kastadi nzima niimwage nje. Siku mbili niko jikoni na mtoto mgongoni, halafu naambiwa hivyo? Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikakaa chini nikalia, maana niliona nimeharibu hata kile kidogo alichokuwa anakula.

Ila mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Katikati ya kulia nikamuuliza, "Hivi Baba Neema, mwiko wenyewe unakataza nini hasa? Kukaa meza moja, au kula chungu kimoja, au nini?"

Akafikiri. Akajikuna kichwa. Mhangaza wa kuzaliwa, hajui!

Nikamwambia nenda kamuulize mwenyewe. Akagoma, akasema ni aibu. Nikamtazama. Akaenda.

Alibisha hodi, akauliza kwa Kihangaza kupitia mlango. Sauti ikatoka, "Ni macho. Mkwe asinione natafuna, nami nisimwone. Basi."

Macho tu?

Wakuu, mlango wa chumba cha Mzee una pazia zito, lile la maua makubwa.

Nikamwambia mume wangu fungua mlango, kisha shika upande ule. Tukainua meza na vyakula vyake, birika likayumba, tukaisukuma mpaka mlangoni. Ikakwama mguu. Tukaigeuza kidogo, ikaingia: nusu chumbani kwa Mzee, nusu sebuleni, pazia linashuka katikati na kugusa kitambaa.

Mzee alikuwa anauliza "mnafanya nini nyie?" lakini hakutuzuia. Baba Neema akapenya chini ya meza kama mtoto, akakaa upande wa baba yake. Mimi nikabaki upande wa huku na Neema. Nikasema, "Karibu chakula, Baba," nikasukuma sahani ya paja la kuku chini ya pazia.

Halafu nikasikia mfupa unavunjwa. Sijawahi kufurahia sauti ya mtu anatafuna kama siku ile.

Viazi vikaenda. Paja la pili likaenda. Nikapitisha kastadi, nikatega sikio. Kijiko kikagonga bakuli, mara Mzee akaanza kucheka.

"Kumbe ni tamu! Nilidhani ni ule unga wa njano wa msaada, wa enzi za njaa. Kila siku najiuliza, hawa wana redio na makochi, mbona wanafurahia chakura cha njaa?"

Nilicheka mpaka Neema akashtuka. Kumbe wiki zote zile alikuwa anawaonea huruma!

Tukapiga stori. Aliniuliza kastadi inapikwaje, kama ina yai, nikamweleza. Alimsimulia mume wangu jinsi alivyomchumbia mama yake. Mimi huku nasikia kila neno.

Mwisho bakuli lake likatokea chini ya pazia, tupu. Nikajaza tena. Kabla sijalirudisha akasema, kwa sauti ya chini:

"Mama Neema, usifikiri chakura chako kilikuwa kibaya. Tangu mama yenu aondoke, chakura kinakuja kila siku. Mtu ndiyo haji."

Wakuu, mimi na masinia yangu, nagonga na kukimbia nikidhani ndiyo heshima. Upande wa pili nikasikia mume wangu anapenga kamasi.

Meza haijatoka mlangoni mpaka leo. Wageni wanaigonga kwa nyonga na kutuuliza kama tunahama. Tumemtobolea Mzee mlango wa nje apitie. Mila yake haijaguswa, sijawahi kumwona akitafuna, na ile kamba ya suruali ameifungia mbuzi.

Nilichojifunza: nilihangaika na mapishi, wakati mtu mwenyewe alikuwa na upweke. Na mila za wazee tusizivamie wala kuziogopa, tuwaulize tu wenyewe zinataka nini.

Nyie kwenu mkwe anakulaje? Na kuna mwenye mbinu ya keki ya makaa isiyoungua chini? Familia ile ya kwenye TV imeoka keki wiki hii, na Mzee ameshauliza.

Nitajibu komenti baadaye kidogo. Nagongewa meza huku, naambiwa chakula kinapoa na mimi sijakaa.