Kaburi la Kwenye Mbono

Wifi yangu Mardhiya haamini mtu. Ukimpelekea sahani ya futari atakushukuru vizuri tu, kisha atauliza, "Na hii ya nini leo?" Ukimwambia ni ya Mungu, atajibu, "Haya, tutaona." Akinunua samaki hutazama mashavu ya samaki, halafu humtazama na muuzaji usoni. Nasema haya kwa haki kabisa, maana mimi Adila ni dada wa marehemu mumewe, tumekaa ua kwa ua, na hakuna aliyeonja shuku zake kama mimi.

Mimi ameniita mwizi tangu sina mvi hata moja. Alikuwa na jiwe la kusagia liwa ya kujipaka mwilini, alilopewa na mama yake siku alipoolewa: jeusi, bapa, limelika katikati kama kisahani, na pembe moja imemeguka. Mabibi harusi wa ukoo wetu wote walisagiwa liwa juu ya jiwe lile. Siku moja likatoweka mlangoni mwa bafu, na kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikiingia na kutoka kumpikia uji wa uzazi, basi mwizi nikawa mimi. Nikaapa, nikalia, nikanuna. Wapi! Siku ya harusi ya binti yangu Najma alikuja kapendeza, udi unamnukia, akaingia moja kwa moja chumbani kuchungulia liwa inasagwa juu ya jiwe gani. Yalaiti ningekuwa na maji ya moto mkononi siku ile!

Lakini nilikuwa namvumilia, na sababu naijua. Jiwe lilipotea katika siku zile zile alizompoteza mtoto. Alizaa binti, binti akaishi siku tatu, hata jina la kusomewa hakuwahi kulipata. Mardhiya hakuzaa tena. Ilikuwa masika, mvua inanyesha haina adabu. Kwetu wanawake hawaendi kuzika, na mzazi aliye ndani ya arobaini yake hata kizingiti havuki. Mtoto alibebwa na kaka zangu wawili, Yahya mumewe na Mwinshehe mdogo wake. Wakaenda naye, wakarudi wamelowa tope mpaka magotini. Mardhiya kule ndani analia, "Msimweke mbali, Yahya, nakuomba, msimweke mbali na mimi." Yahya akamwambia, "Yupo hapo mbele ya nyumba, kwenye mbono."

Arobaini ilipokwisha, Mardhiya alitoka akaenda kwenye mbono. Na tangu hapo hakuuacha. Akafagia chini yake kila asubuhi, akamwagia maji, kila Ijumaa akafukiza ubani na kusoma Yasini. Yahya alipokufa alimlilia sana, lakini mbono haukukosa maji hata siku ya matanga.

Sasa ndipo ikaja kesi. Mji wetu ni mdogo, ukiacha barabara kubwa pale Zinga unateremka kuelekea baharini. Kampuni moja ya mahoteli ilitokea na karatasi zinazosema ardhi yetu yote ni yao, tena walishauziwa zamani. Na nani? Hakuna aliyesema. Tukashitaki. Kesi ikaburuta miaka, mashahidi wakafa, mawakili wakabadilika, na sisi kwa sisi tukaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Mtu akiezeka bati jipya, watu wanaulizana amepata wapi. Akinyamaza mkutanoni, kanunuliwa. Akisema sana, huyo ndiye katumwa.

Mwaka huu mahakama ikatuambia tukae tusuluhishwe. Wakili wa kampuni, dada mmoja anaitwa Sophia, alikuja amejitanda vizuri, akawaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja, na heshima yake ile ndiyo iliyozidi kututia wasiwasi. Akasema kampuni itachukua kilima kile cha mikoche kinachotazama bahari, ambacho hakina nyumba wala shamba. Sisi tutabaki na nyumba zetu na mashamba ya bondeni, kila mtu na hati yake. Sharti ni moja: barabara ya kupanda kilimani itapita mbele ya nyumba ya Mardhiya, maana kwingine kote ni majaruba ya mpunga. Na lazima wadai wote tukubali. Mmoja akikataa, tunarudi mahakamani.

Kwa habari ya kilima hakuna aliyebisha. Mardhiya mwenyewe alisema, "Kichaka kile? Wachukue, wakaishi na nyoka." Lakini barabara, alisema, haipiti juu ya mwanawe.

Hapo ingekuwa rahisi. Kaburi ni kaburi, hata kampuni haina ubavu wa kulikanyaga. Kilichoharibu ni ujanja wetu wenyewe. Watu walipopata habari kwamba penye makaburi hapaguswi, makaburi yakaanza kuota! Kila aliyetaka ukingo wa shamba lake usisogezwe alipanda mbono, mti wetu wa makaburini, na kusimika mawe mawili. Mikdad, mwenyekiti wetu wa kamati, alionyesha kaburi la babu yake aliyekufa enzi za Mjerumani, na mbono uliopandwa kichwani haujafika hata kiunoni mwa mtu. Dada Sophia akaushika ule mche, ukang'oka mkononi na udongo wa kuatikia bado umeushika mzizi. Sisi tukatazama chini. Aibu ile sitaisahau.

Tangu siku hiyo hakuna kaburi lililoaminiwa. Ikakubaliwa kwamba kila kaburi litolewe ushahidi na mtu aliyezika kwa mikono yake, ashike Msahafu aape. Makaburi yakafutika kama yalivyoota. Mikdad naye akadai babu yake kumbe alizikwa Lugoba. Likabaki moja tu, la kwenye mbono, na aliyezika hapo ambaye bado yuko hai ni mmoja tu, Mwinshehe.

Mardhiya akapumua. Alikuja kwangu siku hiyo amechangamka. "Shemeji yangu ataapa," akasema. "Huyu ndiye mtu pekee katika ukoo wenu asiyekuwa na mkono mrefu." Unaona? Hata kwenye furaha yake lazima anichome!

Lakini Mwinshehe alianza kukwepa. Ukimwita ana homa. Ukimfuata, kaenda Vigwaza kumtazama mgonjwa. Kisha akaonekana amesimama na dada Sophia kando ya gari, wanazungumza, yeye kainamisha kichwa. Hilo likatosha. Jioni hiyo hiyo mji mzima ulishajua kwamba Mwinshehe kala. Na kibaya zaidi, wengine walifurahi, maana walikuwa wanataka hati zao. Walishaanza kunong'ona kwamba kaburi la Mardhiya nalo ni kama la Mikdad, kwamba nani alimwona huyo mtoto akizikwa. Wenye kusema hivyo walikuja kula hitima ya mtoto yule! Nilipandwa na hasira, nikagombana na watu wawili kisimani na wa tatu nikamkuta njiani.

Siku ya kiapo tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Mardhiya alikaa mbele, kavaa buibui lake la Idi. Imamu akautoa Msahafu. Mwinshehe akaja amechukua udhu, mikono bado mibichi, akauweka mkono wa kulia juu yake. Mkono ukakaa, kisha akauondoa.

"Siwezi kuapa," akasema.

Loo! Watu wakainuka. Mmoja anasema "Alhamdulillahi," mwingine anatukana. Mardhiya hakuinuka. Akamwuliza taratibu, "Shemeji, wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu, shemeji. Yule dada nilimwendea mimi, kumwomba kiapo kifutwe, akakataa." Mwinshehe alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake. "Pale kwenye mbono hapana mtu. Tulianza kuchimba pale, kweli. Lakini kila jembe likitoka, maji yanajaa. Tulichota, yakajaa. Kaka akasema, siwezi kumlaza mwanangu ndani ya maji. Tukampandisha kilimani, kwenye mchanga mkavu. Kurudi, wewe unalia asiwekwe mbali. Kaka akakwambia yupo kwenye mbono. Nia yake akwambie ukweli ukishatoka arobaini. Ulipotoka ukaenda ukakumbatia ule mti. Akashindwa. Akaniapisha nisiseme."

"Muongo!" Mardhiya akasimama sasa, sauti imempasuka. "Muongo mkubwa wewe! Unamsingizia maiti kwa sababu hawezi kujibu!"

Na mimi, kaka yangu wa tumbo moja, sikumwamini. Niliona hadithi imekaa vizuri mno kwa kampuni. Mtoto anahama kwenye barabara anakwenda kilimani, yaani anatoka kwa Mardhiya anaingia kwao. Nikamwambia mbele za watu, "Kaka, kama umelala njaa si ungesema tukupikie?"

Akafuta macho. "Twendeni," akasema. "Kule kuna alama."

Tukapanda. Mji mzima ulipanda, na dada Sophia na viatu vyake, kila mtu akimtazama mwenzake kama atatoa kitu mfukoni akitupe kichakani. Mimi nilikaa nyuma ya Mwinshehe kabisa, namwangalia mikono. Alizunguka kwenye mikoche, akarudi, akazunguka tena, nikajisemea, eheee, kimemshinda. Kisha akasimama kwenye mkoche mmoja wenye panda mbili, akapiga magoti, akaanza kufyeka majani na kufukua kwa panga.

"Huku hakuna mawe," akasema huku anafukua. "Mchanga mtupu. Kaka hakutaka aachwe bila alama. Alirudi nyumbani mbio kwenye mvua, akachukua la kwanza aliloliona."

Panga likagonga. Likatokea jiwe jeusi, limesimikwa wima, limezama karibu lote. Mizizi ya mkoche ilikuwa imelishika pande zote. Pembe yake moja imemeguka.

Nililijua kabla ya Mardhiya. Miaka yote ile nimekuwa nikiomba Mungu jiwe lile lionekane, nilichukue, nikalitupe miguuni pake mbele ya watu nimwambie, haya, mwizi nani? Sasa limeonekana. Nikamshika mkono, nikasema, "Wifi. Ni jiwe lako."

Mardhiya akakaa chini na buibui lake la Idi. Akakwangua mchanga kwa vidole mpaka lile bonde la katikati likaonekana, akapitisha kidole gumba, huku na huku, kama anatazama kama liwa imelainika.

"Nimeshuku mji mzima," akasema. "Yahya sikumshuku hata siku moja."

Mwinshehe akasema dua haipotei njia, kila alichokisoma Mardhiya kimemfikia mtoto.

"Wewe nyamaza," Mardhiya akamwambia. "Usiniambie kitu leo." Na mimi nikaona anasema kweli, anyamaze. Yahya alikuwa kaka yangu na nilimpenda, lakini pale kilimani nilimkasirikia kama yuko hai.

Kisha Mardhiya akamgeukia dada Sophia. "Barabara yenu pitisheni kwenye mbono. Pale sina mtu. Ila hapa hapaguswi, na njia ya mimi kupanda iandikwe kwenye hayo makubaliano yenu, na nikifa aipite wifi yangu."

Dada Sophia akasema lazima awaulize wakubwa zake.

"Waulize. Mimi niko hapa."

Watu wakaanza kuguna. Mikdad akasema kwamba mtu mmoja hawezi kuuzuia mji mzima kupata hati. Nikamwuliza babu yake hajambo huko Lugoba? Nikakaa chini kando ya wifi yangu, na akina mama wengine wakakaa. Sijui kama ni kwa huruma au walikuwa wanatulinda tusije tukapewa kitu peke yetu. Kwa watu wetu, siwezi kuapa. Dada Sophia alitutazama sana, kisha akaenda pembeni na simu yake, na alivyorudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema wakubwa wamekubali.

Iliandikwa. Mkoche wenye panda mbili na hatua kadhaa kuuzunguka ni vyetu, na njia ya miguu kutoka bondeni. Mardhiya aliwapa kifungu kile watoto watatu mbalimbali wa shule wamsomee, kila mmoja peke yake, ndipo akaweka dole gumba.

Tukiwa tunarudi kutoka kilimani siku ile, nilikuwa nasubiri. Tukafika mlangoni kwangu. Akasimama, akatazama pembeni, akasema, "Kumbe hukuliiba."

"Nilikwambia."

"Uliniambia," akasema, akaenda zake. Kwa Mardhiya, huko ndiko kuomba radhi.

Trekta lilikuja kung'oa mbono Ijumaa asubuhi. Nilitoka kumtazama, nikidhani atajifungia ndani. Nikamkuta yuko pale pale mbele ya trekta, kashika kata, anaumwagia mti maji kama siku zote, taratibu, mpaka chini kukalowa.

"Wifi," nikamwambia, "si umeona mwenyewe? Pale hapana mtu."

"Najua alikozikwa," akasema bila kugeuka. "Lakini nimemlea hapa."

Dereva akazima trekta, akakaa akisubiri maji yaishe.