Orodha ya Walioingia Ijumaa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye aingiaye na atokaye hata pale macho ya mlinzi yanapochoka. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa aibu ndogo alizonipitisha ili kunikinga na aibu kubwa.

Katika chumba chetu cha kusomea, jirani na msikiti, hapa Kisangani, iko kompyuta moja tu. Wanaitumia wanafunzi wa chuo kikuu, wafanyabiashara waliotoka Kivu, Wakristo kwa Waislamu. Kila mmoja ana jina lake na neno lake la siri, na mashine yenyewe huandika nani ameingia na saa ngapi. Kazi yangu, tangu nilipoacha kufundisha dini, ni kuisoma orodha hiyo kila Jumamosi na kuipeleka kwa kamati inayokisimamia chumba.

Sheria yetu ni kwamba mtu asikae mbele ya mashine bila mlinzi, kwa sababu nyaya ziliwahi kuibwa. Walinzi tuko wawili: mimi, na mama mmoja Mkatoliki wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mjane anayelea wajukuu kwa kazi hiyo hiyo. Siku ya Ijumaa tunafunga saa sita na nusu kwa ajili ya sala. Saa saba na nusu yeye hufungua, nami huenda kuwatazama wagonjwa.

Jumamosi moja nilikuta kwenye orodha jina la mwanafunzi mmoja aliyeingia jana yake, saa saba kasoro dakika kumi. Wakati huo mlango ulikuwa umefungwa. Funguo ni mbili, na wangu ulikuwa mfukoni mwa kanzu yangu, mimi nikiwa katika safu ya sala. Nikamwuliza mama.

“Papa, yule alikuja nyuma ya sala,” akasema, kwani huniita papa, yaani baba. “Nilifungua, akaingia, akakaa.”

“Mashine inasema saa saba kasoro.”

“Bon, sawa. Mashine inasema, na mimi nasema. Kati yetu wawili, nani anapigaka fagio humu ndani?”

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa ameshapanda chombo kwenda kwa wazazi wake, Barumbu, chini ya mto, na simu yake haikupatikana. Kamati ikakaa. Mmoja akasema kwamba bila shaka mama huwafungulia wanaotaka kukaa peke yao, tena si bure. Wakaamua Jumatatu arudishe ufunguo na kazi iishe. Mimi, niliyekunywa naye chai miaka mingi, nilitazama mikono yangu nikanyamaza. Nikajiambia kwamba mashine haina njaa wala jamaa, itadanganya kwa faida gani? Nimefundisha watoto kwamba habari ikitufikia tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Siku ile somo hilo lilinitoka.

Jumatatu asubuhi akaja, ufunguo ameufunga kwenye ncha ya kitenge chake.

“Andika kabisa kama nimeurudisha muzima,” akasema. “Kesho musiseme niliukunja.”

Nikamwomba angoje, kwa kuwa kamati ilitaka orodha ichapwe kwenye karatasi. Nikaingiza jina langu, nikafungua orodha. Jina langu lilikuwa mwisho kabisa, na kando yake saa tatu na dakika tano. Nikatazama saa ya ukutani: saa nne na dakika tano.

“Mama, kwako ni saa ngapi?”

Akatoa simu. “Saa ine na dakika tano. Unataka kunifukuza kwa saa kamili?”

Hapo nikakumbuka. Mashine iliharibika, ikapelekwa Kinshasa kwa ndege ikatengenezwe, na ilikuwa imerudi Alhamisi jioni tu. Kule saa iko nyuma ya kwetu kwa saa moja. Fundi aliiwekea saa ya mji wake, na sisi hatukutazama, kwa sababu hapa wakati tunaupata kwa adhana, kwa kengele ya parokia na kwa simu zetu. Nikaongeza saa moja. Mwanafunzi aliingia saa nane kasoro dakika kumi, mlango ukiwa wazi kwa dakika ishirini.

Nikakaa, nikasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

“Nini, papa? Umeona nyoka?”

“Mashine imerudi na saa ya Kinshasa.”

Akahesabu kwa vidole. Kisha akacheka mpaka akashika mlango. “Watu ya Kinshasa, hata mashine yao inachelewa! Donc, basi ni yeye alikuwa wa kufukuzwa.”

Nikampigia simu mkubwa wa kamati. Akaja, akalinganisha simu yake na kioo cha mashine, mara mbili, akamwambia mama abaki na ufunguo na kazi yake. Mama akaufunga tena kwenye kitenge.

Tulipobaki wawili nikamwomba msamaha, si kwa ajili ya mashine, bali kwa kunyamaza kwangu.

“Nilikuona, papa,” akasema. “Iliniuma kupita maneno ya wale wengine.” Akachukua fagio. “Nimekusamehe. Sasa inua miguu, nifagie.”

Nikainua miguu, moyo wangu mwepesi kama wa mtu aliyeshushiwa gunia.

Ewe unayesoma haya, Mungu akuepushe na ushahidi uliopotoka, akujalie rafiki asemaye ukweli wako mbele ya wakubwa, na ukikosa kusema ukweli wa mwenzako, akupe siku ya kurudi kwake kabla jua halijakuchwa. Amina.