Kinini Niliyomwekea Mama

Asubuhi mama yangu alikuwa mzima kabisa. Alipanga samaki wa moshi kutoka Tchomia mezani pake sokoni na kubishana na kila mteja. Saa nane mchana kope zilikuwa zimemwangukia, naye anashikilia taya kwa mkono ili aweze kutafuna. Wenzake wa kwaya walisema anaringa, maana walimsalimu akiwa amefumba macho. Mimi nilisema ni uzee. Nafanya kazi maabara ya kituo cha afya hapa mtaa wa Rwambuzi, Bunia, na mtu wa maabara hukosa aibu ya kutoa hukumu.

Daktari mmoja ndiye aliyemtazama kwa makini. Alinieleza kwamba juu ya misuli kuna protini inayopokea amri ya neva, kama mlango unaosikia hodi, na pengine mwili wa mama ulikuwa unaibomoa milango yake wenyewe. Alichukua damu akaipeleka Kampala. Kule wana protini hiyo, kipokezi cha misuli ya binadamu, kilichotengenezwa ndani ya seli za maabara kwa ajili ya watafiti wa neva. Wangekichanganya na damu ya mama waone kama itakishambulia. Wakati tunasubiri, alisema, asipewe dawa yoyote kabla ya kumuuliza yeye.

Wiki ya tatu mama akapata homa. Nilimtoboa kidole, nikatazama kwa darubini, nikaona malaria tele. Simu ya daktari haikupatikana, alikuwa ameenda ziwani kutibu watu. Sindano mpya za malaria zilikuwemo kabatini. Lakini kwetu Bunia malaria isiyopigwa kinini, dawa ile ya zamani, watu husema imelala tu, itaamka, na mimi niliyesomea kazi hii niliamini hivyo hivyo. Nikaandaa chupa ya kinini ya kumtundikia mshipani.

Mama alipoiona alirudisha mkono wake chini ya kitenge.

"Ile kinini iliniziba pumuzi mwaka ingine, mutoto yangu. Usiniwekee."

Nilikasirika. Nilikuwa nimechoka, na sikupenda kufundishwa kazi yangu na muuza samaki.

"Mama, miye njo naonaka damu kila siku."

"Basi," akasema, "weye njo unajua." Akanyoosha mkono.

Chupa haikufika nusu. Kwanza alishindwa kumeza mate, kisha kifua kikapanda kidogo, kidogo zaidi. Niling'oa mpira wa chupa mkononi mwake, nikampulizia mdomoni, nikapuliza mpaka muuguzi wa zamu akanivuta mabega. Ilikuwa saa sita mchana. Kanisani walitangaza kwamba mama ameuawa na malaria, na mimi nilikaa kwenye benchi la wafiwa nikawaacha waseme.

Majibu yalifika tulipokuwa tumekwisha kumaliza matanga. Daktari aliyaleta mwenyewe nyumbani: damu ya mama ilikishika kile kipokezi kwa nguvu. Alisema ugonjwa huu una vidonge, na kwamba kinini huuzidisha hata kusimamisha pumzi. Halafu, kwa huruma, akaniambia nisijilaumu, sikuwa na njia ya kujua.

Nilijaribu kuipokea huruma ile, ikanishinda. Nikamwambia mama alinieleza yote kwa mdomo wake, akiwa hai, nami nilimnyamazisha.